Zamu Niliyomshikia Elia

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na ingekuwa hiari yangu ningekuwa nimeisahau zamani. Ilikuwa mchana wa jua kali hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika mjini Guangzhou, nimeketi mezani kwa Maman Clarisse, mkono wa kulia umo ndani ya sahani ya ugali, nami nimelala. Sisemi nilikuwa nasinzia. Nililala usingizi wenyewe, tonge mkononi, mdomo wazi, na watu wa meza za jirani wakinipiga picha kwa simu zao. Nilizinduka pale sahani ilipovutwa. Maman Clarisse alikuwa ameichukua na ananitazama kama mtu aliyemkuta mwizi wa kuku.

Huyu Maman Clarisse alikuwa mjane kutoka Kolwezi, kule Kongo ya kusini. Alikuja China kununua vitenge na vyombo vya jikoni, kisha akagundua kwamba faida kubwa iko kwenye matumbo yetu. Alitupikia nyumbani kwake, ghorofa ya juu kabisa, ugali, sombe ya majani ya muhogo, maharage na samaki, na sisi tuliochoka kula tambi tulizipanda ngazi zile kila siku tukihema. Alitupenda, lakini mapenzi yake yalikuwa na meno.

"Maman, rudisha sahani, sijamaliza," nilimwambia.

"Miye siuzishi chakula kwa mutu mwenye kufa," akajibu. "Aloyce, mutoto, weye unalalaka saa ngapi?"

Kabla sijafumbua mdomo, watu wa meza ya pili wakanijibia kwa kelele: "Huyo halali, Maman! Huyo ni Jenereta!"

Nami badala ya kuona haya nikacheka kwa fahari. Jina hilo nilipewa na wenzangu wa kazi, maana umeme wote ukizima, mimi naendelea kunguruma, na leo naona aibu kulitaja kwa sababu ya jinsi nilivyolipenda. Ujana una vichekesho vyake. Wengine hujisifia nguo, wengine sauti ya kuimba. Mimi nilijisifia kutolala.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Nilikuwa nimeajiriwa katika godauni la kago, nje kidogo ya mji. Mchana tulipokea mizigo kutoka masokoni, tukaipima, tukaifunga na kuiandika alama za wenyewe. Usiku tulipakia kontena, kwa kuwa malori makubwa hayakuruhusiwa kuzunguka mjini mchana. Kwa hiyo tulifanya zamu za kupokezana, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kugeuza. Mwili ukianza tu kuzoea giza, unaambiwa urudi kwenye jua. Wewe unayefanya kazi hizo leo unanielewa, hakuna haja ya kukuchorea.

Nilikuwa nachangia chumba na Elia, mtu wa kwetu Makambako, tuliyekuja naye China kwa ndege moja na begi linalofanana. Kusema kweli tulichangia zaidi ya chumba. Tulikuwa na kitanda kimoja. Yeye akiwa zamu ya mchana, mimi niko usiku, na tukigeuza, usiku unakuwa wake. Shuka halikupata nafasi ya kupoa. Tulidhani tumekuwa wajanja kuokoa kodi. Lakini Elia kitanda alikitumia, mimi nilikuwa nakilipia tu.

Akitoka usiku, Elia alifanya mambo yake kwa utaratibu kama mtu anayejiandaa kwenda ibadani. Alitembea kutoka kituo cha treni amevaa kofia na miwani myeusi, eti jua la asubuhi lisimwamshe akili. Alikula uji, hakugusa chai. Dirisha letu lilitazama kichochoro ambamo wafungaji wa mizigo walivuta selotepu kutwa nzima, krrr, krrr, mpaka unaota unafungwa wewe mwenyewe. Elia alikata maboksi akaliziba dirisha lote, akajaza pamba masikioni, akazima simu, akaomba, akalala mpaka alasiri. Nilimwita Mwali. Jumapili nilikuwa nikiingia naimba nyimbo za kumtoa mwali ndani, naye anajifunika uso na kuniambia, "Kaka, ngoja siku moja utautafuta usingizi kwa tochi." Tulicheka wote.

Na mimi je? Mimi nikitoka usiku nilijimwagia maji, nikanywa chai nyeusi mpaka meno yakashika kutu, nikatoka kwenda kuwatembeza wafanyabiashara wageni. Kulikuwa na akina mama kutoka Mbeya na Songea waliohitaji mtu wa kuwapeleka Kangle kwenye viwanda vidogo vya nguo, awasemee kwa Kichina, awaambie bei ya kweli na bei ya mgeni. Nilijua njia zote za Kangle. Nilisema moyoni, nitalala nikirudi kwetu. Ndio ulikuwa msemo wetu vijana: tutalala Makambako. Kule godauni wenzetu Wachina, wakishamaliza chakula cha mchana, kila mtu alikunjua kitanda chake chembamba au alilaza kichwa juu ya maboksi, akalala kidogo, akaamka akiwa mpya. Hata laoban wetu, yaani bosi mwenyewe, alifunga mlango wa ofisi akalala. Niliwapita nikiwa nabeba mizigo na kuwaita watoto wa chekechea.

Basi siku ile Maman Clarisse hakunirudishia sahani. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akaifuta mikono kwa kitambaa chake cha kiunoni.

"Bwana yangu alitumika ku mugodi," alisema. "Poste ya asubui, poste ya mangaribi, poste ya usiku, inazunguka tu. Akirudia asubui, miye natundika kitenge ku mulango. Jirani akiona ile kitenge, anajua: hapa kuko mutu analala. Hapana kutwanga, hapana radio, batoto bote baende kuchezea kule. Ule mutu hakulala peke yake, mon fils. Avenue muzima ilikuwa inamulalisha. Weye hapa, nani anakulalisha?"

"Maman, ule ulikuwa mgodi," nikamjibu. "Sisi tunafunga maboksi tu. Boksi halimwangukii mtu akafa."

"Ukifungia usingizi mulango, itapita ku dirisha," alisema. "Na siku ya kuingia itachagua yenyewe, haitakuuliza."

Kisha akanirudishia sahani yangu, ugali umepoa. Nilikula, nikamshukuru, nikashuka ngazi kwenda kuwapokea wageni wangu. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu, na langu lilikuwa limeshaoga na kuvaa sanda.

Sasa nikueleze desturi yetu moja ya pale godauni, maana bila hiyo hutauona uzito wa mambo yaliyofuata. Kubadilishana zamu kulifanyika kwa mdomo tu. Mtu akiumwa, mwenzake anamshikia. Laoban hakujali nani yupo, mradi awepo mtu. Kwake zamu ilibaki ya mwenyewe, na lawama au sifa yake ilikwenda kwa mwenyewe. Lakini sisi kwa sisi tulikuwa na sheria. Mwenye zamu hamtaji aliyemshikia. Likitokea neno, aliyeshika huenda kujitaja mwenyewe, kwa mdomo wake. Ilikuwa heshima yetu. Watu wanaomsaidia mwenzao hawastahili kuchongewa na yule waliyemsaidia.

Ilikuwa Jumapili ya kugeuza, miezi michache kabla ya Pasaka. Mimi nilitoka usiku asubuhi hiyo, na kazi yangu iliyofuata ilikuwa Jumatatu mchana. Elia ndiye alipaswa kuingia usiku ule. Mchana kutwa niliwatembeza wageni. Niliporudi jioni nilimkuta Elia amejikunyata kitandani na homa, jasho linamtiririka, huku anatafuta viatu.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kazini."

"Rudi ulale, Mwali. Nakushikia."

Akaniambia, "Kaka, wewe mwenyewe hujalala tangu jana. Bora niombe ruhusa."

Nikapiga kifua. "Mimi ni Jenereta."

Alisitasita. Homa ilimshinda, akajilaza. Hakuniomba, mwanangu, hilo nataka ulishike vizuri. Nilijitolea mwenyewe, na nilijitolea kwa kupenda kusifiwa.

Usiku ule sinao kichwani. Nikiutafuta naona taa tu na mgongo wa lori. Lakini kazi niliyoifanya ilikuja kuonekana baadaye. Palikuwa na marobota mawili makubwa yaliyofungwa kwa plastiki ya rangi moja. Moja lilikuwa la mama mmoja wa Iringa, ndani yake majoho ya kwaya, aliyoyashonesha Kangle kwa ajili ya Pasaka ya usharika wao. Lingine lilikuwa la mfanyabiashara wa Lubumbashi, ndani yake mapazia. Mimi ndiye niliyeandika alama kwa ile kalamu ya wino mzito, na niliandika alama ya huyu kwenye mzigo wa yule. Wala sikuwa mlevi. Nilikuwa nimesimama wima, macho wazi, na nimelala.

Kontena zikaondoka, kila moja na njia yake. Baada ya wiki kadhaa kule Iringa wakafungua robota mbele ya wanakwaya wote, wakakuta mapazia ya maua mekundu. Na kule Lubumbashi mtu akafungua mapazia yake akakuta majoho ya buluu yenye jina la usharika wa Iringa mgongoni. Unaweza kucheka. Hata mimi nilicheka kwanza niliposikia, mpaka nikaambiwa kwamba kwaya ile iliimba Pasaka na nguo za nyumbani, na kwamba yule mama, aliyekuwa amechangisha watu kwa mwaka mzima, alikaa nyuma kabisa kanisani akalia. Alimpigia laoban simu, akamwambia hatampa mzigo tena, yeye wala wenzake wa Iringa.

Laoban akauliza ilikuwa zamu ya nani. Ilikuwa zamu ya Elia.

Siku alipoitwa, mimi nilikuwa natoka usiku na yeye anaingia mchana. Tulikutana mlangoni pa godauni. Elia alikuwa ametulia, lakini midomo ilikuwa imemkauka.

"Laoban ananitaka mjini, ofisini kwake, saa nane," aliniambia. "Amesema tuzungumze baada ya mapumziko ya mchana. Kaka, kibali changu cha kukaa kiko mikononi mwake. Akiniacha, narudi nyumbani. Na mke wangu ana mimba."

"Hurudi popote," nilimwambia. "Nitakuja. Nitasema mimi mwenyewe kwamba ile kalamu nilishika mimi."

"Najua utakuja," alisema, akanishika bega. "Nenda ukalale kidogo kwanza."

Nilikusudia kabisa, mwanangu. Mungu ananisikia. Nilikuwa nimeshapanga hadi maneno ya Kichina nitakayoyatumia. Na nilijiambia kwamba kwa kuwa jambo ni zito, leo ndiyo silali hata kidogo, nisije nikapitiliza. Nilipita kwa Maman Clarisse nikanywa chai, nikarudi chumbani, nikavaa shati safi na viatu. Muda ulikuwa bado. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, wala sikujilaza, nikiwa nimeshika simu, nikisubiri saa zisogee.

Nilipofumbua macho, taa za kichochoroni zilikuwa zimewaka.

Nilikuwa nimelala chali na viatu mguuni. Wale wafungaji walikuwa wameshaondoka. Kelele zao za kutwa, zilizokuwa zikinifukuza kitandani miaka yote ile, siku hiyo sikuzisikia hata moja. Simu ilikuwa bado mkononi, imejaa simu za Elia. Alipiga na kupiga. Nilikimbia mpaka ofisini nikakuta mlango una kufuli. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zangu ziliishia kwenye kufuli lile.

Nilimkuta Elia kwa Maman Clarisse, ameketi mbele ya chakula ambacho hajakigusa. Baadaye ndipo nilipojua jinsi mambo yalivyokwenda. Alimwambia laoban, kuna mtu anakuja, yeye ndiye atakayeeleza. Laoban akasema sawa, akamimina chai, wakasubiri. Akamimina tena. Alimuuliza Elia, mtu huyo ni nani? Elia akasema, atakuja mwenyewe. Hakunitaja. Angesema jina langu tu, neno moja, angepona. Mwisho laoban akainua mikono akasema "mei banfa," hakuna namna, na yakaisha. Utaniuliza, mbona hakutuma mtu aje kunigongea? Nami nimejiuliza hivyo kwa miaka. Nadhani alitaka nije kwa miguu yangu.

"Elia," nilimwambia nikiwa bado nahema, "ndugu yangu, nilipitiwa na usingizi."

Aliinua macho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wewe?" akasema. "Wewe Jenereta?"

"Nakuapia. Niliketi tu kitandani..."

"Kaka, miaka yote hii umelala lini mchana? Mimi ndiye ninayelala. Wewe unanicheka." Akasukuma sahani pembeni. "Sema tu uliogopa. Nitakuelewa. Hata mimi ningeogopa."

Niliapa kwa mama yangu. Niliapa kwa ubatizo wangu. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Nilikuwa nimejenga sifa ile kwa mikono yangu, tofali juu ya tofali, kwamba mimi silali, na sasa nilipohitaji mtu mmoja tu aamini kwamba nimelala, hakukuwa na wa kuamini. Maman Clarisse peke yake ndiye aliyeniamini. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, ameshika mwiko, machozi yanamtoka. "Miye naamini," alisema. "Lakini miye siko laoban, na siko Elia."

Asubuhi yake nilikwenda kwa laoban kabla hajafungua ofisi. Nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, hakuwa mtu mbaya. Kisha akaniambia ameshampa mtu mwingine nafasi na karatasi zimeshakwenda, na kama nilikuwa na neno la kusema, nilipaswa kulisema jana. Akanikata mshahara, akaniacha kazini. Nilitamani anifukuze. Kubaki pale, nikimwona mgeni ameshika kalamu ya Elia, kulikuwa adhabu kubwa kuliko kufukuzwa.

Nilimsindikiza Elia uwanja wa ndege. Nilimbebea begi, lile linalofanana na langu. Pale tulipoagana aliniambia, "Nimekusamehe kuogopa. Tusiliongelee tena." Nikamwambia, "Sikuogopa, Elia. Nililala." Akatabasamu, akanipigapiga bega kama unavyombembeleza mtoto anayeng'ang'ania uongo wake, akaingia ndani.

Yuko hai, ashukuriwe Mungu. Anauza mbao huko kwetu, ana watoto wakubwa, na maisha yamemwendea vizuri kuliko yangu mimi niliyebaki. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikamtembelea. Alinichinjia kuku, akawaita wanawe akawaambia, "Njooni mumsalimie baba yenu mkubwa. Huyu kule China tulimwita Jenereta, hakuwa analala kabisa!" Wakacheka, nami nikacheka. Mkewe hakucheka. Alinitengea maji ya kunawa bila kuniangalia usoni, na nikajua kwamba nyumbani mle habari yangu imeshasimuliwa, na mle ndani mimi ni mtu aliyejificha chumbani huku mwenzake akihukumiwa. Nilitaka kusema tena. Mvi zote hizi, nilitaka kusema tena kwamba nililala. Nikanawa, nikala kuku. Nimesamehewa kosa ambalo silo langu, na lile langu hakuna anayelijua ili anisamehe.

Ndiyo maana nakwambia wewe. Juzi nilikuona ngazini, unatoka usiku, macho mekundu, unacheka na wenzako kwamba una siku tatu hujagusa mto. Waliokuzunguka wakakupigia makofi. Nilitaka kukunyang'anya kitu mkononi kama Maman Clarisse alivyoninyang'anya sahani, lakini siku hizi mzee akimgusa kijana huonekana ana wazimu. Basi naandika.

Mwanangu, usijisifie kutolala. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na haipasuki siku ya mazoezi. Ulichonyimwa usiku kidai mchana, na ukidai kama mtu mwenye haki yake. Ziba dirisha, maboksi hapa Guangzhou hayajawahi kuadimika. Vaa kofia na miwani ukitoka kazini, hata wakikuita mwali, kwani mwali huwekwa ndani kwa sababu ana thamani. Chai nzito inywe zamu inapoanza, siyo inapokaribia kwisha. Simu iweke mbali na kitanda, na umweleze mama yako saa zako kwa upole, maana yeye hupiga asubuhi yake akidhani nawe ni asubuhi yako, kumbe ndio kwanza umefumba macho. Atakuelewa. Wazazi wanaumia zaidi kusikia tumeanguka kuliko kusikia tumelala.

Siku ya kugeuza zamu iogope kuliko zote. Ukitoka usiku siku hiyo, lala kidogo asubuhi, uamke, upate jua na chakula, ujikaze mpaka jioni, kisha uende kitandani mapema. Ukiwa unaingia usiku, pata usingizi wa alasiri kabla hujatoka. Na siku hiyo usimshikie mtu zamu. Mwambie akaombe ruhusa, akikasirika, atapoa. Mkiweza, nendeni kwa laoban pamoja mkamwombe zamu zisigeuke haraka hivyo, kwani bosi akisikia sauti moja husema hapana, lakini zikija nyingi huvuta kiti. Wenzako Wachina wakilaza vichwa mchana, laza na wewe, mwili haujengwi kwa matofali. Na ukiona usingizi umekukataa kabisa, wiki baada ya wiki, nenda kamwone daktari, usiufanye siri ya kiume.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa ugenini tumelipoteza. Mlindeni anayelala. Chumba chenu kina watu sita, na mmoja ametoka usiku: tundikeni hata fulana mlangoni, mzime muziki, mle nje. Mtu wa zamu hawezi kujilalisha peke yake katikati ya mji ulio macho. Mimi Elia alikuwa ananilindia usingizi, kila Jumapili niliyotoka usiku alitoka kimyakimya kwa ncha za vidole akidhani nitalala, nami nikitoka nyuma yake kwenda Kangle.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi ya halali na kitanda kilichopoa. Akufumbe macho mchana kama anavyowafumba wengine usiku, na akuzungushie watu watakaonyamaza kwa ajili yako. Na siku ile isiyojulikana, mwenzako atakapokuwa ameketi mbele ya wakubwa akisema kuna mtu anakuja, akukute uko macho, umeshafika mlangoni.